Miwani ya Sentimita Sitini na Mbili: Kumuaga Bi. Kathini Nzau

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Kathini Nzau atastaafu kutoka Shirika la Maji la Muuo baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Aliingia ofisi yetu ya Kikima mwezi Septemba 1996, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, akaajiriwa kupiga taipu. Anatoka akiwa karani mkuu wa kumbukumbu za visima, cheo alichokipata kwa jasho, akanyang'anywa, kisha akarudishiwa zikiwa zimebaki wiki kumi na sita.

Mwenyewe ndiye aliyeomba niandike wasifu huu mimi. Wengi ofisini walishangaa, nami nilishangaa kuliko wote. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kisima cha Kwa Mulonga kisirukwe. Sitakiruka. Kuna jambo jingine ambalo hakuniomba niliseme, nalo nitalisema pia, kwa sababu ni langu.

Kwa vijana walioingia juzi, zamani ofisi hii haikuwa na kompyuta hata moja. Wapimaji walirudi kutoka Tseikuru au Ikutha na madaftari yaliyojaa vumbi na madoa ya supu, na Bi. Kathini akayapiga taipu, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Kila kisima kilikuwa na jalada lake: kiko wapi, kina chake ni mita ngapi, maji yalianza kuonekana wapi, chumvi yake ikoje. Alikuwa na kichwa cha namba ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Fundi wa pampu angepiga simu kutoka Tseikuru akiuliza paipu ngapi zimeshushwa kisimani, naye angemjibu huku akikoroga chai, jalada likiwa bado kabatini.

Bwana Mwau alipokuja kuwa meneja wetu mwaka 2007 hakuamini hadithi hizo. Alivuta majalada matano bila mpango wowote, akamfanyia mtihani mbele ya watu. Bi. Kathini alipata yote matano, halafu akamwambia kwa upole kwamba lile la tano limekaa kwenye droo isiyo yake tangu siku kabati liliposogezwa ili kiti kipya cha meneja kipate nafasi. Bwana Mwau huisimulia hadithi hii mwenyewe, kwa hiyo sidhani nitaitwa ofisini.

Ni Bi. Kathini pia aliyetuletea desturi ya kusomeana. Kabla namba yoyote haijatoka hapa, watu wawili huketi meza moja. Mpimaji anasoma daftari lake kwa sauti, karani anafuata kwenye kazi aliyoipiga na kuitikia. Kisha wanageuza: karani anasoma alichokiandika, mpimaji anafuata kwenye daftari. Mgeni akipita nje hudhani tuko kwenye maombi ya asubuhi. Kwa miaka yote ya taipu hakuna kisima chetu kilichochimbwa mahali pasipo pake, na sababu ni hiyo.

Kompyuta zilikuja mwaka 2009. Alikuwa na miaka arobaini na minne na alijifunza haraka kuliko sisi tuliojiona wajanja. Mwaka 2012 macho ya kusomea yalianza kumsumbua, akapimwa, akapewa miwani ile yenye mstari katikati: kipande cha juu cha kuonea mbali, kipande cha chini cha kusomea. Barabarani ilimfaa. Kwenye Biblia na madaftari ilimfaa. Mbele ya kompyuta ndipo shida ilipokuwa. Alianza kuinua kidevu ili aangalie kupitia kile kipande cha chini, huku akisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Wageni walipoingia na kumkuta uso umeelekea darini, walidhani ni maringo. Mzee mmoja kutoka Mbooni alimlalamikia meneja akasema, "Huyo mama yenu anatuangalia ni kama amepanda juu ya mti." Tulicheka wiki nzima. Tukamwita Madam Juu, jina likashika, na mimi nililitumia kama wengine.

Tulikuwa pia na miwani ya kaunta. Ilinunuliwa sokoni hapa Kikima, ikafungwa kwa kamba ya katani pale mapokezi ili wazee waone mahali pa kuweka sahihi. Hakuna aliyejua ni ya kipimo gani, na kila aliyevuka miaka arobaini aliiazima. Mchana watu wakienda kula, Bi. Kathini alikuwa akiifungua na kuijaribu kwenye kompyuta yake. Nilimkuta mara mbili. Mara zote aliirudisha haraka akasema alikuwa anaipangusa, nami nikaendelea na safari yangu ya chakula.

Mwaka huu nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Alinijibu kwamba alirudi kupimwa macho mara tatu, mahali tofauti. Kila mara alisoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho, akapewa kijitabu akakisoma, akaambiwa macho yake yako sawa aende nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Basi akaamini kwamba tatizo si macho. Akaamini kwamba tatizo ni yeye mwenyewe, kwamba umri umemfikia na kompyuta imemshinda, na kwamba siku tutakapogundua tutamrudisha nyumbani. Hapo ndipo alipoanza kutumia kumbukumbu yake kuziba pengo. Asichokiona kwenye skrini, alikisema kwa kichwa.

Sasa nimefika Kwa Mulonga. Ni kijiji kilicho mbele kidogo ya Ikutha, na Oktoba 2019 nilikwenda kukipima mimi. Mahali nilipopachagua palikuwa pazuri, ng'ambo ya korongo, na nikapigilia kigingi. Nilirudi Kikima na daftari, Bi. Kathini akaingiza namba za mahali hapo, kisha tukaketi kusomeana. Nilisoma, akaitikia. Tukageuza, akasoma yeye, mimi nikafuata kwenye daftari, na kila namba ikalingana. Ilikuwa lazima ilingane, kwa sababu hakuwa anasoma skrini. Alikuwa anarudia nilichokisoma mimi dakika moja kabla. Kwenye skrini, mahali palipotakiwa kuwa na tatu, palikuwa na nane. Ardhini tofauti hiyo ni mita mia tano.

Kigingi changu kiling'olewa, pengine na mtu aliyetafuta kuni, kwa hiyo mafundi wa mashine walifuata karatasi. Walichimba mwamba kwa siku tatu, mita mia moja na arobaini, wakatoa vumbi. Fungu la mradi likaisha hapo. Kijiji kikarudi mwisho wa foleni, na foleni yetu mnaijua wenyewe. Akina mama wa Kwa Mulonga waliendelea kutembea kilomita saba kwenda mtoni kufukua mchanga ili wapate maji, na wanaendelea hadi leo ninapoandika.

Meneja aliniomba ripoti. Niliandika mistari miwili. Nilisema karani ni mtu wa umri mkubwa, hajazoea kompyuta, na napendekeza apewe kazi nyingine. Sikuandika kwamba tulisomeana. Sikuandika kwamba ile skrini ilikuwa umbali wa mkono kutoka nilipoketi, na kwamba ningegeuza shingo kidogo tu ningeiona ile nane. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, macho yangu mazima, na nilikuwa nikisubiri kupandishwa cheo. Nilipandishwa Machi iliyofuata.

Bi. Kathini alihamishiwa stoo Januari 2020. Hakubisha. Alipokea barua, akaikunja, akauliza ufunguo wa stoo uko kwa nani. Kwa miaka mitano na ushei alitugawia paipu, koleo na gambuti, na stoo ile haijawahi kupangwa vile. Alijua saizi ya mguu ya kila mmoja wetu, na aliyejaribu kuomba gambuti za shemeji yake alirudishwa mlangoni. Lakini kwenye karamu za mwisho wa mwaka alikuwa akiketi karibu na mlango, na kila alipopita dirisha la ofisi yetu alitembea haraka akiangalia chini. Nilimwona kila siku. Inaniuma kuandika hivi, na ilitakiwa iniume mapema zaidi.

Machi mwaka huu kliniki ya macho ilikuja kwa siku moja katika ukumbi wa kanisa hapa Kikima. Bi. Kathini hakwenda kupimwa, alipeleka matangi ya maji ya kunawa. Mtaalamu wa macho alikuwa binti anayeitwa Ladan, mzaliwa wa Tseikuru, ambaye baba yake anauza mbuzi na ngamia huko. Ladan alimwita aje athibitishe idadi ya matangi kwenye kompyuta ya kliniki, na Bi. Kathini akainama kama alivyozoea, kidevu juu, pua mbele. Yule binti akaacha alichokuwa akifanya.

"Mama, hiyo shingo ilianza kuuma lini?"

"Ni miaka kumi na mitatu sasa," Bi. Kathini akajibu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za shingo, hata mumewe.

Ladan alimketisha akamweleza. Barabara iko mbali, kitabu kiko karibu, kompyuta iko katikati, na jicho lililovuka miaka arobaini haliwezi tena kujivuta lenyewe mpaka pale katikati. Miwani yake ilikuwa na kipande cha mbali na kipande cha karibu. Cha katikati hakikuwepo. Mtu wa ofisi, alisema, anahitaji miwani ya pili inayokaa mezani, iliyotengenezwa kwa umbali wa meza hiyo na si mwingine. "Macho yako si mbaya, Mama. Na kichwa yako iko sawa kabisa. Ni hii miwani haikutengenezewa hiyo kazi." Bi. Kathini anasema aliposikia hilo neno la kichwa ilibidi atoke nje kwanza.

Aliagizwa apime kutoka jicho hadi skrini, akiwa ameketi anavyoketi kazini. Lakini hakuwa tena na meza. Alikuja ofisini kwetu saa ya chakula na tepu ya stoo, akaniomba nimruhusu aketi kwenye kiti chake cha zamani, na mimi nikamshikia upande mmoja wa tepu pembeni mwa jicho lake. Sentimita sitini na mbili. Aliandika kwenye kiganja, akashukuru, akarudi stoo. Sikumuuliza tunapima nini.

Miwani ilifika kwa basi mwishoni mwa Aprili. Jumatatu yake alikuja tena saa ya chakula, akaivaa, akaniomba nimfungulie jalada la Kwa Mulonga na nimpe daftari langu la mwaka ule. Kidevu chake kilikuwa chini, mgongo umenyooka. Aliangalia skrini, akaangalia daftari, akaangalia skrini. Miaka yote ile alikuwa na tumaini moja alilolificha, kwamba kosa halikuwa lake, kwamba labda mafundi walipotea njia wakaogopa kusema. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri kwa miwani yake mpya kilikuwa ile nane.

"Kisilu," akasema, "ni mimi."

Alilia palepale mezani, bila sauti, miwani ikiwa bado usoni. Na mimi niliyejua kwamba tulikuwa wawili siku ile, nilisimama kando yake nikanyamaza.

Nilinyamaza siku mbili zaidi. Siku ya tatu niliingia kwa Bwana Mwau nikamwambia yote, kusomeana kwetu, skrini ambayo sikuigeukia, na ile mistari miwili. Hakunifokea. Aliuliza tu imekuwaje katika ofisi yenye watu thelathini hakuna aliyewahi kumuuliza mama huyu kama anaona, kisha akakumbuka kwamba na yeye ni mmoja wa hao thelathini. Tarehe 5 Mei Bi. Kathini alirudishiwa meza yake na cheo chake.

Alichokifanya kuanzia hapo ndicho ningependa vijana wakikumbuke. Hakuna aliyemtuma. Alipitia upya majalada yote aliyoyaingiza tangu 2012 hadi 2019, mia nne na kumi na moja, moja baada ya jingine, daftari pembeni. Alipata makosa mengine mawili, yote ya visima ambavyo havijachimbwa bado, akayasahihisha na kuweka sahihi yake mbele ya kila sahihisho. Alifanya hayo bila kushika shingo. Siku nyingine alikuwa akiimba kidogo kidogo, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia tangu enzi za taipu, na wale wapya waliuliza redio iko wapi.

Mwezi Juni aliomba aende Kwa Mulonga akawaambie mwenyewe. Nilimsindikiza. Mwenyekiti wa kamati ya maji pale ni Bi. Nthenya, mama mrefu asiyependa maneno mengi. Bi. Kathini alisimama mbele ya kamati akasema namba ilikuwa tatu, yeye akaandika nane, na hakuwa anaona. Mimi nikaongeza la kwangu. Bi. Nthenya alitusikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tulimwambia huyo mtu wa mashini, yule mpimaji hakusimama hapa, alisimama ng'ambo," alisema. "Akatuambia karatasi haidanganyi."

Kisha akamgeukia Bi. Kathini. "Hiyo miaka yote huwezi kunirudishia. Na wewe pia, yako hakuna mtu atakurudishia. Kaa tunywe chai." Chai ililetwa. Maji yake yalitoka mtoni asubuhi ile, na chini ya kikombe kulikuwa na mchanga. Bi. Kathini aliinywa yote.

Kisima kipya cha Kwa Mulonga kimepata fungu, na mashine itafika huko Jumanne tarehe 2 Septemba. Bi. Kathini aliomba aongezewe wiki moja tu ili awe kazini siku hiyo. Haikuwezekana, kwa sababu anafikisha sitini wiki hii na kanuni haijui kisima wala miwani. Kwa hiyo siku ile atakuwa nyumbani. Ndivyo tunavyomuaga, akiwa anaona vizuri kuliko wakati wowote katika miaka kumi na mitatu, na hatuna tena kazi ya kumpa. Yeye mwenyewe hajalalamika. Mimi nalalamika kwa niaba yake.

Alhamisi iliyopita tulisomeana namba mpya za kisima hicho, mimi na yeye, kwa mara ya mwisho. Siku hizi ameongeza kanuni: skrini inageuzwa ili wote wawili waione, na kila mmoja anasoma kwa macho yake. Alisoma namba ya kwanza kutoka kwenye daftari, nikaangalia skrini nikasema ndiyo. Alisoma ya pili, nikasema ndiyo. Ya tatu hakuisoma. Aliweka daftari chini akaniangalia.

"Kisilu, unaona?"

Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Nina miaka arobaini na minane. Tangu Desemba namba za kwenye skrini yangu zimekuwa ukungu, na nimekuwa nikikuza maandishi watu wakitoka, na kuyarudisha madogo nikisikia mlango. Hakuna anayejua, hata nyumbani kwangu. Nikamwambia sioni.

Hakucheka wala hakunikemea. Alimwita Kavata wa mapokezi aje asome badala yangu, wakaanza upya kutoka namba ya kwanza, na walipomaliza akaniandikia namba ya simu ya Ladan. Ilimchukua majibu mawili kunitambua. Mimi nilikaa naye meza moja miaka kumi.

Mama Kathini, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Muuo, asante kwa kila namba uliyotutunzia na kwa kila gambuti uliyotunyima. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, mvua nzuri shambani kwako na wajukuu wanaosikia wakiitwa. Jumanne nitakupigia simu kutoka Kwa Mulonga, maji yakitoka au yasipotoka, na wewe utakuwa mtu wa kwanza kujua. Mistari miwili niliyoiandika mwaka 2019 bado iko kwenye jalada lako la utumishi. Nimeomba wasifu huu uwekwe juu yake. Pole, Mama. Ingetosha kukuuliza kama unaona.

Jonah Kisilu
Idara ya Upimaji